Beti ya Kumtoa Asma

Batuli alizaliwa milimani Kondoa, akaolewa na Masudi, fundi wa kuchomelea mageti kule Kizota, nao wakajenga hapa mtaani kwetu Miyuji wakati bado ni vichaka na mawe. Kiswahili alikikuta madrasa na shuleni kama wengi wetu wa huku. Nyumbani kwao ilikuwa Kirangi tu. Lakini Mwenyezi Mungu humpa amtakaye. Kiswahili hicho cha kujifunza, Batuli alikichezea kama mtoto achezeavyo maji.

Huwezi kumalizia neno mbele yake akaliacha lipite hivi hivi. Jirani yetu Hilda, wa kanisani, huwa anapitisha mboga ya mlenda mkavu asubuhi, anauza kwa kupima na kopo. Siku moja kidole gumba kilikuwa kimezama ndani ya kopo pamoja na mlenda wenyewe, kinapunguza kipimo. Sisi hatukuona. Batuli akaona.

"Hilda leo umetenda, kidole kwenye mlenda!"

Tulicheka mpaka Hilda mwenyewe akaketi chini.

"Wewe Mama Asma, nitakusemea kwa mchungaji wangu."

"Msemee, shoga. Ila akija, usimpimie kwa kopo hilo."

Kwenye kisomo chetu cha akina mama, tunapokutana kwa Yasini na kaswida, bibi harusi hatoki kwao kimya kimya. Mama yake husimama mlangoni akamtoa kwa beti moja, na kina cha mwisho hufuata jina la binti. Akiwa Rehema, beti nzima inatua kwenye "ma". Akiwa Zaituni, inatua kwenye "ni". Mama akianza kipande, wanawake huwa wamekaa na ndimi zao tayari, wanakisubiri kina, na kikitua ndipo vigelegele. Mama asiyeweza kutunga, Batuli alimtungia. Beti hiyo ikishasemwa haiazimwi tena. Ni ya huyo binti mpaka afe.

Alitunga akichambua karanga. Kwanza alikusanya vina, maneno yote yanayoishia pamoja, akiyanong'ona huku anatoa mbovu na kuacha nzima. Ndipo akatafuta la kusema. Nilimuuliza kwa nini asianze na la kusema. Akaniambia, "Kina kikilazimishwa, dada, watu wanasikia jasho lake."

Ya Naima, binti wa mtaa wa pili, wengi tuliishika kichwani kwa uzuri wake:

Nakutoa mlangoni, binti yetu Naima,
Nenda kaishi nyumbani, kwa mumeo kwa heshima,
Uwe taa ya chumbani, isiyojua kuzima,
Na Mola akuauni, akujalie neema.

Naima alirudi kwao na talaka kabla ya mavuno yaliyofuata. Hayo ni ya Mungu, beti haikuwa na kosa. Lakini watu ni watu, hatukuisema tena kwa sauti.

Kisha Batuli akapatwa na kiharusi, mchana, akiwa anaanua mtama. Alilazwa, akatoka. Mkono ulirudi. Mguu ulirudi kwa kuburuta. Maneno ndiyo hayakurudi. Akitaka chumvi atasema "ile... ile nyeupe," na sisi, kwa yale mazoea ya kumsubiria kina, tulikuwa tumeshamtupia: sukari? unga? chumvi? Akikuta limeshasemwa anainamisha kichwa. Siku zikienda akawa anaonyesha kwa kidole tu.

Ila tukikaa kisomo, akisoma Yasini, inatoka yote. Haikwami hata aya moja. Na kaswida za zamani, ukimwanzishia, anakwenda nazo mpaka mwisho. Tulilia kwa furaha siku ya kwanza kumsikia. Tulisema Mungu anamrudisha taratibu.

Ndipo ikaja posa ya Asma, mwanawe wa pekee. Mchumba ni Hashimu, dalali wa mahindi pale Kibaigwa, kijana mwenye adabu. Swali likawa moja: nani atamtoa Asma mlangoni?

Batuli alitikisa kichwa tangu mwanzo. "Si... siwezi," alisema, na hilo alilisema bila kusaidiwa.

Mwamvua, mkubwa wetu wa kisomo, hakukubali. "Mtu anasoma Yasini nzima, atashindwa beti moja? Ni woga huo. Tumtie moyo."

Sote tuliona ni kweli. Hakuna aliyejua kwamba kilichohifadhiwa tangu utotoni kina chumba chake, na kinachotungwa upya kina chumba kingine, na hicho cha pili kilikuwa kimefungwa.

Asma alipiga magoti mbele ya mama yake nami nikiwapo, nimepeleka uji. "Mama, umewatoa mabinti wa mtaa mzima. Mimi nikitoka kimya si nitakuwa nimetoka kama gunia, linapakiwa tu kwenye lori? Nipe yangu, Mama. Hata fupi."

Batuli akamshika shavu. Hakutikisa kichwa tena.

Kuanzia hapo alirudi kwenye ungo wake wa karanga. Masudi alinieleza baadaye jinsi ilivyokuwa. Alikuwa anakaa na jina la mtoto mdomoni, "Asma... ma... ma...", na vinavyomjia ni vile vile: heshima, kuzima, neema. Anavitupa, anaanza upya, vinarudi. Karanga nzima na mbovu zinachanganyika kwenye ungo mmoja. Masudi akamwambia kwa huruma, "Mama Asma, si useme tu maneno ya kawaida? Vina vya nini?" Batuli akamtazama kama mtu aliyeambiwa atoke barabarani bila nguo. Hakumwambia tena.

Siku ya harusi ua ulijaa. Wakwe walikuja na basi la Koasta kutoka Kibaigwa, wamevaa sare, mashangazi wa Hashimu wamekaa mbele. Naima alikuwa kwetu upande wa kutumikia, kabeba sinia la pilau. Asma alitolewa chumbani, kafunikwa, akasimamishwa mlangoni. Mwamvua akamshika Batuli mkono, akamsogeza.

Wanawake tukakaa na ndimi tayari.

"Asma wangu sikia," alianza Batuli, "haya maneno ya mama."

Ee Mola, vigelegele! Mwamvua alirusha mikono juu.

Batuli akafungua mdomo kwa mstari wa pili, haukuja. Akafunga. Akafungua. "Ma..." alisema. "Ma..." Tukaanza kumpa, kila mmoja la kwake, salama! huruma! daima! yote vina safi, yanamwangukia kama mvua ya mawe. Akafumba macho. Kisha uso wake ukafunguka kabisa, kama mtu aliyeona njia, akasema kwa sauti yake ya zamani, nzito na tamu, bila kukwama popote:

"Nakutoa mlangoni, binti yetu Naima..."

Akaenda nayo yote. Taa ya chumbani, isiyojua kuzima. Mpaka neema. Alipomaliza alikuwa anatabasamu, anasubiri vigelegele vyake.

Havikuja. Shangazi mmoja wa Hashimu akageuka nyuma. "Naima ndiye nani? Sisi tumeposa Asma."

Na wa kwetu mmoja, Mungu amsamehe ulimi wake, akajibu, "Si yule pale mwenye sinia. Yule aliyeachwa."

Naima aliweka sinia chini, akatoka kwa mlango wa nyuma. Wale mashangazi wakanong'ona, mmoja akasema nuksi, mwingine akasema twende zetu jua linakwenda. Batuli alikuwa anatutazama mmoja mmoja, bado tabasamu lipo, hajui amekosa nini. Asma ndiye aliyemwambia, kwa upole, chini ya shela. "Umemtoa Naima, Mama."

Nikaona lile tabasamu likiondoka. Sitalieleza.

Asma alipakiwa kwenye gari kimya.

Baada ya hapo tuliamua kumsitiri. Batuli akiingia kwenye kisomo, waliokuwa wanatupiana vina wananyamaza, tunaongea habari za maji na bei ya mafuta ya alizeti, maneno makavu yasiyofanana miisho. Hilda naye akipita na mlenda anasalimia tu, "Shikamoo dada," anapita. Tulidhani ni heshima. Ijumaa moja Batuli alisimama mlangoni, akasikia kicheko kinavyokatika kwa ajili yake, akageuka na mguu wake ule wa kuburuta. Hajarudi. Tumekwenda kumwita, anatukaribisha kwa mkono, anatuonyesha mkeka, basi.

Tunamwombea. Sijui tena tunaombaje, maana aliyeyachukua maneno ndiye huyo huyo tunayemwomba.

Asma anapiga simu kutoka Kibaigwa. Masudi anamwekea mkewe simu sikioni. Nimekuwapo, nimesikia sauti ya mtoto: "Mama, sema lolote. Sitaki beti. Niite jina langu tu." Batuli anabana midomo, anaogopa jina litakalotoka. Anashikilia simu kwa mikono miwili, anapumua. Asma ndiye anayekata, maana mama yake hakati.