Kadi Mbili na Uso wa Baba

Mimi si mtu wa kutulia, na mama alipoanza kupoteza macho ndiyo nikazidi. Presha ya macho ilikuwa inamfunga taratibu. Alibaki anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la mlango. Alitaka kitu kimoja: kumwona marehemu baba akicheza kwenye harusi ya dada yangu kule Muleba, kabla giza halijamfika. Mkanda wa video ulikuwepo, lakini chenga tupu.

Nikasema nitausafisha. Kuna programu inayochukua picha chakavu na kuichora upya, ila inakula nguvu balaa. Kompyuta yangu hapa Nyanga ilikuwa na kadi moja ya grafiki. Nikaona nikiongeza ya pili kazi itakwenda mbio, nikaagiza kutoka Dar kadi hiyo pamoja na mazabodi ya bei mbaya, ubao mkuu wenye nafasi mbili ndefu za kuchomekea kadi. Nafasi mbili, kadi mbili, au siyo? Thubutu! Kadi zenyewe nene, nafasi zimebanana. Ya juu ikawa inavuta joto la mwenzake, na mashine inazima ghafla katikati ya kazi. Nilizunguka chumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Jioni moja uvumilivu ukaniishia. Nikafungua ubavu wa kompyuta, nikafungua na dirisha ili upepo wa ziwani uingie, nikaacha taa inawaka, nikaenda kumpa mama chai. Na ulikuwa mwezi wa senene, wale panzi watamu wanaofuata taa usiku! Mhaya mzima, nimelelewa kwa senene, naacha taa na dirisha wazi. Kelele za majirani ndizo zilizoniambia wameanguka. Niliporudi, chumba kizima kijani, feni ya kadi ya juu imebanwa na mabawa, harufu ya kuungua inatoka. Mama akaja anapapasa ukuta, akacheka, akaomba sufuria. Mimi nilitamani kulia, maana kadi ilikufa.

Nikaendelea na ile iliyobaki, polepole mno. Kila asubuhi nilimwinulia mama vidole nikimuuliza ni vingapi, mpaka akaniambia nimwache apumue.

Kazi ilipokamilika nikamketisha pua karibu na kioo. Baba akatokea, safi, anang'aa, mikono juu. Mama alimtazama kwa muda mrefu.

"Waitu, mwanangu, huyu kijana ni nani?"

Nikamwambia ni baba. Akaweka kidole kwenye shavu la picha.

"Kovu lake mmelipeleka wapi?"

Nikainama kutazama. Kweli, programu ilikuwa imelifuta pamoja na chenga, na mimi mwenye macho mawili mazima sikuona. Nikamwekea mkanda wenyewe, na chenga zake zote. Mama akapepesa macho, akasogeza kichwa huku na huku, akimtafuta kwenye kitundu chake, hadi akampata. Nilipopeleka mkono niongeze mwanga, akaukamata.

"Usimguse tena," akasema.