Pua Yangu na Mvuke wa Siagi

Nakumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi ile Mzee Mutua alipobamiza kifuniko juu ya sufuria, nusura anikate pua. Nilikuwa msichana mwenye maringo, nikikaanga bisi za kuuza katika kibanda kimoja pale Kariobangi.

Ladha ya siagi tuliitoa kwenye chupa ya maji ya manjano yaitwayo diasetili. Lo, yalinukia! Mafuta yakishika moto tulitia kidogo, kisha mtu anainama, anavuta mvuke na kusema kama imetosha. Mwenye pua kali ndiye fundi, na mimi, acha nijisifu kidogo, sikuwa na mpinzani.

"Wewe Wanjiku, wataka kufa?" Mzee Mutua alifoka. Alikuwa jirani wa kibanda chetu, na zamani alikuwa mchanganyaji wa ladha kiwandani. "Kula kidogo ni kitu kingine. Mvuke huo ukiuvuta kila siku unaingia ndani kabisa ya mapafu, unaacha makovu yasiyopona. Nitazame mimi!"

Akaenda bombani kunawa, hatua chache tu, na akapumzika mara mbili njiani. Nami, mjinga, nikacheka kichinichini.

Jumapili iliyofuata nilisimama kwenye kwaya kuongoza wimbo, pumzi ikakatika katikati ya ubeti. Niliogopa, mwanangu, niliogopa sana. Hospitalini daktari alinipulizisha kifaa cha kupima pumzi mara tatu, mimi machozi yananitoka.

"Mapafu yamewashwa na mvuke tu, hayajapata makovu," akasema. "Umewahi. Lakini usirudi kwenye mvuke huo."

Asante Yesu! Nilipiga kigelegele hadi nesi akacheka. Nilirudi Kariobangi kumwomba Mzee Mutua msamaha. Yeye hakuwahi, maskini, hakuwa na mtu wa kumfunikia sufuria.

Sasa wewe umepata kazi ya kukaanga krispi za viazi kule Njiru, nami nimefurahi. Lakini uliza kila chupa ina nini. Diasetili usiitie kwenye mafuta ya moto, na iweke mbali na jiko maana inawaka upesi. Fungua madirisha, funika sufuria, mdai mwajiri barakoa ya kuzuia mvuke, wala usidanganywe na kitambaa. Ukianza kukohoa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ladha ionje kwa ulimi, chakula kikishapoa.

Mungu akubariki mikono, akutunzie na kifua. Jumapili njoo kanisani Ziwani unisikie: mvi zimejaa kichwani, na ubeti naumaliza kwa pumzi moja.