Mahali Mkono wa Baba Usipopita

Laoban, mwenye duka la zana hapa Guangzhou, China, alinifungulia boksi la spana za shingo ndefu, zilizopindwa kila namna ili kufikia nati zilizojificha. "Rafiki, chagua. Hii inafika popote," alisema. Harufu ya grisi ilinipanda puani, nikaacha kumsikiliza.

Baba yangu alikuwa fundi magari, na spana za aina hiyo hakuwa nazo. Alikuwa na mimi, bintiye. Nati ikikaa nyuma ya injini, mahali mkono wake usipopita, aliniita, nami nikaupenyeza mkono wangu mwembamba katikati ya vyuma vyenye joto. Nilijivunia sana kazi ile.

Siku moja mteja alikuwa na haraka. Baba alipoinama kuokota tambara, yule bwana alisema kutoka kwenye usukani, "Hebu nijaribu kuwasha." Mkono wangu ulikuwa bado ndani feni ilipoanza kuzunguka.

Baba aliufunga kwa shati lake, akanibeba, akakimbia nami hadi hospitali. Njia nzima aliniambia, "Usilale, mwanangu. Ongea na baba." Nikamuuliza kama nati imetoka. Akazidisha mbio.

Hospitali walinikata vidole viwili. Niliporudi nyumbani, baba hakunituma tena kitu chochote. Hata maji ya kunawa aliyafuata mwenyewe, nami nilisimama mlangoni nikingoja aniite.