Namba Tasa

Wiki iliyopita nilikuta maneno "namba tasa" yameandikwa ubaoni katika darasa la mwanangu, nikamkumbuka mama mdogo Zaituni.

Alasiri moja nilipokuwa mtoto, nyumba yetu pale Itigi ilinuka nta, maana mama alikuwa anachuja asali. Nje, babu aliongea kwa sauti ya chini na wazee waliotumwa na mume wa mama mdogo, yule aliyefungua duka la mitumba biashara zilipoachiwa huru. Mimi nilidhani wamefuata asali.

Kaka Juma alikuwa mkekani akifanya hesabu. Akasema kwa sauti, "10,007 ni tasa."

Mama mdogo, aliyekuwa akimsaidia mama, akageuka. "Nani kakwambia?"

"Mwalimu. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe."

"Wewe umejaribu?"

Kaka akagawa kwa tatu, ikabaki mbili. Akagawa kwa saba, ikabaki nne. Mama mdogo alimwinamia, jasho likimtoka usoni. "Jaribu kumi na tatu." Ikabaki kumi. "Jaribu nyingine, mwanangu. Labda mwalimu kakosea."

Nilicheka kuona mtu mzima anapenda hesabu kiasi kile. Sikujua kwamba huko nje walikuwa wanajadili ndoa yake isiyo na mtoto.

Babu akaita, "Zaituni, njoo uwasalimie wageni."

Akajifunga kanga vizuri. "Wewe endelea kugawa," alimwambia kaka, akatoka.

Tulimsikia akisema, "Shikamooni." Aliporudi ndani alikuwa ameshaachwa, na kaka alikuwa bado anagawa.