Kipara cha Altrasaundi

Aibu hii naisema mwenyewe, kabla hamjaisikia bombani kwa wenye midomo yao. Kambi nzima ya wakimbizi ililia msiba wangu, na msiba haukuwepo.

Deo wangu ana ugonjwa wa ubongo, wa kurithi, uleule uliomchukua dada yake: kwanza miguu, kisha maneno. Daktari wa Kigoma mjini alishasema hauna dawa. Sasa asubuhi moja nasikia redioni wataalamu huko nje wanatumia mawimbi ya sauti, yaleyale ya altrasaundi, kulegeza ukuta unaokinga ubongo ili dawa ya kurekebisha vinasaba ipenye, na mgonjwa hunyolewa kwanza (walisema pia bado wanaijaribu, ila hapo mimi nilishaanza kutafuta wembe). Altrasaundi si tunayo zahanati, hapahapa kambini, ya wajawazito? Nikamnyoa. Akalia, nikajinyoa na mimi ili anyamaze, akacheka, nikambeba mgongoni nimemfunika kitenge gubigubi kwa ajili ya vumbi, huyoo nikaondoka.

Nikasahau kabisa kwamba kwetu mama hanyoi kichwa hivihivi, ananyoa akifiwa. Jirani yangu Mama Goreti akaona kipara, akaona mtoto mgongoni hatikisiki, akapiga yowe: "Yoo, Deo weee! Mwihangane, pole kwa msiba, mama!" Nikamwambia niache, nina haraka, akajua uchungu umenipanda kichwani. Kugeuka, kinamama wananifuata wanalia, wengine wamejitwika kuni za matanga, tukaingia zahanati msafara mzima mbele ya foleni ya wajawazito.

"Nesi," nikasema, "mpake Deo yale mafuta ya baridi ya wajawazito kichwani, umfungulie ubongo dawa ipite."

Nesi akaniangalia kwa huruma, jambo lililoniuma zaidi. "Mama Deo, hii yetu inapiga picha tu, haifungui kitu. Na hiyo dawa ya kupita iko wapi?"

Hapo Deo akapiga chafya. Mama Goreti akaangusha kuni. Mmoja akacheka, wakacheka wote, na mimi nikacheka, Mungu anisamehe, huku nimeshika kile kichwa kitupu. Kuni walirudi nazo, hata kijiti hawakuniachia.

Nywele za Deo zimeota. Maneno hayajarudi, na sasa hata uji unampalia. Nina hasira, sifichi: dawa wanaitafuta huko mbali, polepole, na mwanangu anaisha hapa.

Wembe nimeutupa chooni, sinyoi tena kwa habari za redio. Kwa hiyo siku mkiniona kipara, jamani, msicheke. Njooni na kuni.