Kundi Lisiloitikia Salamu

Mimi Linux siipendi, na wanaoipenda ndio siwapendi kabisa. Nasema mapema, anayetaka kununa anune.

Nafuga nyuki. Mizinga iko Ulyankulu, nyumba iko Ipuli, Tabora mjini, asali naifungasha mwenyewe sebuleni. Lebo nilikuwa nachapa hapo hapo, kwa kompyuta na printa alizonitafutia mjukuu wangu. Ni msichana, amesomea kompyuta chuoni, na mimi niliyeishia darasa la nne namsifia mpaka majirani wamechoka. Lakini wiki ile alipoifuta kompyuta yangu yote na kuweka huo mfumo wa Linux badala ya Windows, nilitamani angesomea ushonaji.

"Bibi, hii ni ya bure. Tena haishiki virusi ovyo."

"Hata jiwe halishiki virusi."

Jumatano asubuhi nikataka lebo arobaini. Alhamisi saa sita gari la kikundi chetu cha akina mama lilikuwa linaondoka kwenda kwenye maonyesho Dodoma, na chupa isiyo na lebo ya kuchapwa haipandi mezani. Hiyo ndiyo sheria. Mwaka mzima nilikuwa nangoja meza ile. Mjukuu akabonyeza, printa kimya. Akabonyeza tena. Linux haikuwa inaijua printa yangu, kana kwamba ni mgeni aliyeingia bila kubisha.

Akasema kinatakiwa kifurushi, yaani programu ya kuitambulisha printa. Akakishusha kwenye mtandao, kikadai kifurushi kingine. Hicho cha pili nacho kikataka cha tatu, na cha tatu kikagombana na kilichokuwemo ndani. Mimi nafungasha vitu miaka yote hii. Ukinunua chupa yangu, unafungua, unalamba. Sijawahi kumuuzia mtu asali halafu nikamwambia kizibo akakitafute Ujiji.

"Twende Kanyenye, bibi, wanachapa kwa dakika kumi."

Sikutaka. Wale wenye maduka ya kuchapa nilishawatambia mbele ya watu kwamba mashine zao sizihitaji tena. Nirudi kwa uso gani?

Basi akasema kuna kundi la Kiswahili kwenye simu, mabingwa watupu wa Linux, tuulize huko. Nikamnyang'anya simu.

"Bibi, andika tatizo tu."

"Nani amekulea, mke mwenzangu? Watu huwaingii na shida mkononi."

Nikarekodi sauti, taratibu, kama nilivyofundishwa na mama yangu: "Hamjambo wanangu? Mimi ni bibi yenu, niko Tabora. Habari za huko mliko? Wazee wenu wazima?" Nikaiweka simu mezani. Kwetu unasalimu, unaitikiwa, unaulizwa ya nyumbani, ndipo unasema kilichokuleta. Nikangoja niitikiwe.

Nimengoja mpaka adhuhuri ikapita. Na si kwamba walikuwa wamelala! Walikuwa wanagombana. Linux nazo zina makabila, na kila mmoja anatukana la mwenzake. "Hiyo yako ni ya watoto." "Yako hata kuiwasha usome siku tatu." Salamu yangu wameiruka kama dimbwi la maji machafu. Mjukuu anazunguka nyuma ya kiti: "Bibi, niruhusu niandike." Nikamwambia akae. Watoto wa watu hawawezi kukosa adabu wote.

Kumbe wanaweza. Alasiri mmoja akajibu: "Bibi, hapa si msibani. Leta logi au toka." Logi ni maandishi ambamo kompyuta inaeleza ugonjwa wake. Basi niombe radhi? Nilirekodi tena, nikamuuliza mama yake aliitikiwa na nani siku aliyomzaa. Wakatutoa kwenye kundi.

Mjukuu wangu alilia. "Umenitia aibu! Ningeuliza mwenyewe asubuhi, sasa tungekuwa tunabandika."

"Aibu ni yao."

Nilisema hivyo, na mpaka leo nasema hivyo.

Alhamisi saa sita mwenyekiti wa kikundi akashuka kwenye gari. Ni mdogo kwangu sana. "Shikamoo mama. Lebo tayari?" Nikamwonyesha nilizoandika kwa mkono kwenye manila, herufi kubwa kubwa. Alizitazama, akanishika bega. "Mama yangu, watanirudisha nazo. Sina la kufanya." Gari likajaa asali ya wengine, likaondoka.

Saa tisa simu ya mjukuu ikalia. Yule yule wa msibani, ambaye kumbe mjukuu alimtumia logi usiku bila kuniambia, alikuwa amemjibu pembeni, mstari mmoja tu wa kunakili. Akaunakili kwenye kompyuta. Printa ikakohoa, lebo zikaanza kutoka, moja baada ya nyingine, rangi safi, nyuki aliyechorwa mpaka miguu inaonekana. Muda huo gari lilikuwa njia ya Itigi.

"Anasema shikamoo, bibi."

Nikaendelea kukunja kanga yangu.

"Bibi? Nimwambie marahaba?"

"Mwambie bibi hayupo."

Tangu nizaliwe sijawahi kuinyima shikamoo jibu lake, hata ya mlevi. Hiyo niliinyima, na moyo haukuniuma.

Jumamosi nikazibeba chupa arobaini mpaka Kanyenye, nikapita mlango kwa mlango, pamoja na ile milango ya wachapaji niliowatambia. Zimeisha zote. Kila mteja ameniuliza hali, kaniuliza ya Ulyankulu, kaibeba chupa yake. Hakuna aliyeisoma lebo.