Kaa la Bi Mwajuma

Sisi tuliokulia Mzenga enzi zile, kiberiti tulikiona dukani tu. Moto ulikuwa wa kuomba. Asubuhi unatumwa na kifuu cha nazi, unafika kwa jirani, "Hodi! Mama anaomba moto," unapewa kaa, unarudi unalipuliza, moshi machoni, na ukikutana na wenzako wanacheza gololi basi nyumbani unafika na majivu. Vijana wa leo wanabonyeza kitu, jiko linawaka, halafu wanasema maisha magumu.

Lakini nilitaka kumsema mdogo wangu, Zuberi. Siku moja alitumwa moto, akakuta jirani yetu Bi Mwajuma hayupo, yuko kisimani, akachota kaa mwenyewe. Mama akamrudisha nalo.

"Lakini mama, moto wake haukupungua!"

"Haukupungua, ila hodi hukupiga."

Alifika kwake na majivu. Bi Mwajuma akayapokea kwa mikono miwili, akamshukuru. Zuberi alilia kuliko siku ya kuchapwa.

Sasa ukubwani, Zuberi alipostaafu ukarani, akafungua kibanda mtaa wa Kwa Mathias, kando ya Barabara ya Morogoro, anawawekea watu programu kwenye kompyuta zao. Mimi shule sikukaa sana, nikamuuliza anazitoa wapi. Akasema mtandaoni kuna kundi la watu wa nchi nyingi, wanavunja kufuli za programu za makampuni na kuzigawa bure, naye yumo, anazisambaza.

"Kaka, mwenyewe si anabaki nayo? Haipungui."

Nikapuliza kikombe, nikanywa. Chai yake ilikuwa nzuri, ina tangawizi.

Mwaka jana, mchana, tunakula mihogo ya kukaanga pale kibandani, redio ikasema polisi wa nchi kadhaa wamevamia siku moja, wamekamata wezi wa programu mtandaoni, na waliobaki wanatafutwa. Zuberi akawaandikia wenzake. Kimya. Akaandika tena. Kimya.

"Watanifikia, kaka?"

"Sijui. Hodi ulipiga?"

Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha utotoni. Akazima kompyuta, akafuta meza, akaniwekea ufunguo wa kibanda kiganjani.

Zamani ukikosea, mlango wa kurudisha ulikuwepo, na mtu wa kupokea majivu yako alikuwepo. Siku hizi ukitaka kurudisha utabisha wapi? Zuberi hata hakuniaga. Alivuka Barabara ya Morogoro mikono mitupu, hakugeuka, na mpaka leo hajarudi.